Jenereta Iliyooshwa

Asubuhi ile yadi ya ofisi yetu ilikuwa safi kuliko sebule inayosubiri mgeni. Mizani za kupimia watoto zilipangwa mstari mmoja, zikafuatiwa na vitanda vya kujifungulia, kisha pikipiki za wahudumu wa afya, kisha meza za plastiki, na mwisho kabisa, karibu na geti, jenereta ya zahanati. Kila kitu kilikuwa kimeoshwa kwa sabuni. Kila kitu kilikuwa na stika mpya yenye namba, na stika zote zilitazama upande mmoja, ili mkaguzi akipita asipate taabu ya kuinama wala kugeuka.

Wazo lilikuwa la mkuu wa ofisi, nasi sote tuliliona wazo zuri. Ruzuku iliyonunua vifaa vile ilikuwa imekwisha mwezi uliopita, na mfadhili alikuwa anamtuma mkaguzi kuhakikisha kwamba vyote vipo. Vilikuwa vimetawanyika kwenye vituo vya afya, vingine mwendo wa nusu siku kwa barabara mbovu. Mkuu akasema, ya nini kumzungusha mgeni juani? Vikusanyeni hapa, avihesabu mara moja, anywe chai, aende zake. Basi wiki nzima pikapu ya ofisi ilienda tupu ikarudi imejaa. Mimi nilisimama getini na kalamu, nikiweka alama ya vema mbele ya kila namba, na nakiri kwamba nilifurahia. Kuna raha fulani katika kuona vitu vyote viko mahali pamoja.

Kazi yangu ni afisa wa ruzuku na mikataba. Mama anawaambia majirani kwamba binti yake anagawa misaada. Ukweli ni kwamba sijawahi kumgawia mtu hata kipande cha sabuni. Kazi yangu ni kusoma mikataba ambayo wenzangu hawana muda wa kuisoma, kuwaambia lipi linaruhusiwa na lipi haliruhusiwi, na kumwandikia mfadhili ripoti. Nilitoka chuo nikiamini kwamba mkataba mzuri ni ahadi anayopewa mtu ambaye hatauona kamwe. Mkuu alinicheka niliposema hivyo kwenye usaili, lakini alinipa kazi. Ilikuwa kazi ya mwaka mmoja, na mwaka ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Mkataba mpya ulikuwa tayari umechapwa, uko mezani kwake, unasubiri sahihi yake tu. Mama alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya mabati.

Simu ya dada yangu iliingia nikiwa naikagua stika ya mwisho.

Dada ni muuguzi. Ndiye anayesimamia chanjo kwenye zahanati ya kambi, kambi ile ya watu walioyakimbia mafuriko, ambao tangu mwaka jana wanaishi kwenye mahema. Kwa kawaida akipiga huanza na utani wake: kitinda mimba amekula, amelala, amekumbuka kuoga? Siku hiyo hakunitania. Aliniuliza kama niko peke yangu.

Transfoma ililipuka alfajiri, alisema. Watu wa umeme wamekuja, wametazama juu, wametikisa vichwa, wameondoka. Labda kesho kutwa. Na friji imejaa. Chanjo za surua zililetwa jana jioni kutoka mkoani kwa ajili ya kampeni inayoanza kesho. Surua yenyewe imeshaingia kambini. Kuna watoto wamelazwa kwenye hema la pembeni, macho mekundu, hawataki mwanga. Kina mama wametangaziwa hema kwa hema wawalete watoto wengine kabla haijasambaa.

Nikauliza habari ya barafu. Barafu inagandishwa kwa umeme huohuo, alijibu. Vipande vilivyopo ameshavipanga kuzunguka dozi, navyo vinatoa jasho. Nikauliza kama tungeweza kuzileta dozi ofisini, maana upande wetu umeme ulikuwepo.

"Kwenye friji yenu ya soda?" akasema. "Mdogo wangu, hiyo juu inagandisha, chini inatokota. Mimi nataka jenereta yangu. Mliichukua Jumatatu mkaniambia inakwenda kuhesabiwa. Mpaka leo mnahesabu tu?"

Niliitazama jenereta. Haikuwahi kuwa safi namna ile tangu inunuliwe. Hata nati zake zilikuwa zimefutwa.

Kisha akanieleza jambo ambalo nililijua nusu nusu. Kipimajoto cha friji kilikuwa kinasoma tano. Kikivuka nane, hata kama dozi hazijaharibika, yeye haruhusiwi kuzitoa. Itabidi aziweke kando, aandike mkoani, asubiri jibu, na jibu la mara ya mwisho lilichukua wiki mbili. Friji ni ya zamani, mpira wa mlango umelegea, na chumba kile kina bati bila dari.

"Sisi nasi tuna vifungu vyetu," alisema, akakata simu.

Kifungu ndilo jina tulilomwita mkuu wa ofisi akiwa hayupo, kwa sababu hakuna jambo alilolijibu bila kutaja kifungu chake. Ukimwomba ruhusa ya kwenda msibani atakutajia kifungu. Siku hiyo alikuwa ameondoka mapema kwenda uwanja mdogo wa ndege kumpokea mkaguzi, na walitarajiwa kufika ofisini baada ya saa nane. Nilimpigia. Alikuwa njiani, upepo ukivuma kwenye simu, na alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwake si dalili njema.

Akasema hapana. Mali ya ruzuku iliyofungwa haihamishwi wala haitumiwi mpaka mfadhili aandike kuridhia. Nikamwambia kifungu hicho nakijua, mimi ndiye niliyekibandika ukutani. Akasema basi kisome tena. Halafu sauti yake ikashuka.

"Na wewe zaidi ya wote hutakiwi kulizungumzia jambo hili. Huyo aliyekupigia ni nani yako?"

Nilipoajiriwa nilitangaza kwa maandishi kwamba dada yangu anafanya kazi kwenye zahanati ile, nikaahidi kwamba sitaamua lolote linaloihusu. Niliahidi kwa moyo mweupe. Sikufikiri kwamba siku ingefika ambapo ofisini ningebaki mimi tu wa kuamua.

Sitaki umdhanie Kifungu kuwa mtu mbaya. Siku moja tulipokuwa tunakunywa chai aliwahi kunisimulia habari ya shirika alilofanyia kazi zamani. Mkaguzi alikuja, pampu chache za maji hazikuonekana, mfadhili akajitoa, na shirika zima likafa. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwaambia wenzake waende nyumbani. Alisema alimwambia kila mtu peke yake, na wa mwisho alikuwa mpishi, ambaye alimuuliza kama amalize kwanza kuosha sufuria. Tangu hapo pampu zile zinamfuata kila anakokwenda.

Niliandika barua pepe kwa ofisi ya mfadhili, nikaeleza yote kwa sentensi fupi, nikaomba idhini ya dharura. Jibu lilikuja kabla sijaondoa mkono kwenye kompyuta. Lilikuwa jibu la mashine: mhusika yuko likizo, anakutakia wiki njema. Nikapiga namba ya pili iliyoandikwa pale. Ikaita mpaka ikachoka.

Simu yangu ikatikisika. Ujumbe kutoka kwa dada, tarakimu moja tu: 6.

Nikaenda stoo kumtafuta Nati.

Nati ndiye mtunza stoo wetu na fundi wetu, na jina hilo alipewa kwa sababu mifuko yake haikosi nati. Kwa umri ni kama kaka yangu mkubwa, nami humwita Kaka. Yeye huniita Msomi, wakati mwingine kwa heshima na wakati mwingine kwa kejeli, na nimejifunza kutofautisha. Alipomaliza kunisikiliza alishaanza kupiga simu. Jamaa anayekodisha jenereta za harusi alisema yake iko ng'ambo ya mto na mwenye harusi hajamaliza. Mwingine alisema yake imeuzwa. Nati akaweka simu mfukoni, akatoka nje, akazunguka nyuma ya stoo, akaniita kwa kidole.

Pale nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na jenereta ya ofisi iliyoungua masika iliyopita. Nilikuwa nimeisahau. Ilikuwa ya kampuni ileile, rangi ileile, umbo lilelile. Nati alilivua turubai, akapangusa vumbi kwa mkono, akanitazama.

"Huyo mama anakuja kuhesabu stika," alisema. "Hawashi injini mtu wa ukaguzi. Atachafuka."

Alikuwa ameshashika wembe.

Hakukuwa na haja ya kueleza zaidi, nilielewa palepale, na nilichohisi kwanza kilikuwa nafuu, nafuu tupu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Tungebandua stika ya jenereta nzima tukaibandika kwenye hii iliyoungua. Nzima ingekwenda kambini, watoto wangechanjwa, mkaguzi angehesabu na kukuta hesabu imetimia, Kifungu angelala, na mimi ningepata mkataba wangu. Ukiitazama kwa upande wowote ule, hakuna aliyeumia.

Tulirudi getini. Nati akapitisha wembe chini ya pembe ya stika, pembe ikainuka. Aliniachia nimalizie kwa sababu vidole vyangu ni vyembamba na stika isingechanika. Nikaishika ile pembe.

Nilikuwa nimeibandika mwenyewe Jumanne, nimelala kifudifudi juu ya mkeka ili iwe imenyooka. Namba ile ilikuwa kwenye rejista, kwenye ripoti, kwenye barua kwa mfadhili, na kila mahali ilisema neno moja: kitu hiki ndicho. Nilifikiria pampu za Kifungu. Huenda nazo zilianza hivi, mtu mwema na wembe, kwa sababu nzuri kabisa.

"Kaka," nikamwambia, "ikisema uongo hii moja, hizi nyingine zote yadi nzima zinasema nini? Siku mtu akiiba jenereta kweli, atatumia njia hiihii."

"Siku hiyo tutamkamata mwizi. Leo tuchanje watoto."

"Watachanjwa. Jenereta inaondoka sasa hivi. Inaondoka na stika yake."

Nikaikandamiza pembe kwa kidole gumba mpaka ikalala.

Nati alikaa juu ya tairi la pikapu. Hakukasirika, aliuliza taratibu kama najua ninachokifanya. Fomu ya kuhamisha mali ina sahihi mbili, ya mtu wa ruzuku na ya mtu wa stoo. Mimi sikuruhusiwa kusaini kwa sababu ya dada yangu. Yeye hakuruhusiwa kusaini kwa sababu mkuu ameshasema hapana. Mimi nina digrii, nikifukuzwa hapa nitapata kazi kwingine. Yeye ana watoto shuleni na mifuko ya nati.

Niliona aibu, kwa sababu alikuwa sahihi. Nilikuwa nakaribia kutoa sadaka riziki ya mtu mwingine. Nikamwambia asisaini. Anisaidie kupakia tu, sahihi itakuwa yangu peke yangu, na akiulizwa aseme nilimwamuru.

"Wewe uniamuru mimi," alisema, akacheka kidogo puani. "Nani ataamini?"

Nilijaza fomu juu ya boneti. Kwenye nafasi ya sababu niliandika kwamba umeme wa zahanati umekatika na chanjo za surua zinapata joto. Nikaandika kwamba mkuu wa ofisi amekataa. Nikaandika kwamba mfadhili hajajibu. Mwisho nikaandika pembeni, maana fomu haina nafasi ya jambo kama hilo: aliyeomba ni dada yangu wa tumbo moja. Nikasaini. Sahihi ikatoka kama ya mtoto.

Nati akaichukua, akaisoma kuanzia juu mpaka chini, midomo ikicheza. Kisha akaomba kalamu.

"Nimesaini makaratasi mengi humu ndani bila kujua yanasema nini," alisema. "Hii angalau nimeielewa."

Tuliipandisha kwa ubao, sisi wawili na mlinzi wa getini, ambaye alituuliza kama mkuu anajua. Nikamwambia anajua, na amekataa. Mlinzi alitafakari, akasema basi yeye ataandika hivyohivyo kwenye kitabu chake, akaendelea kusukuma.

Njiani Nati aliendesha akiwa amesogea mbele, kidevu karibu kigonge usukani, akikwepa mashimo kwa sababu ya mzigo. Jua lilikuwa limepanda. Simu ikatikisika mapajani: 7.

Zahanati ya kambi ni jengo moja refu lenye vyumba vilivyofuatana, na chumba cha chanjo ni cha mwisho, upande wa jua la mchana. Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametundika mablanketi yaliyoloweshwa juu ya friji na dirishani, na makwapa ya sare yake yalikuwa yamelowa. Hakunisalimu. Alisema mlango wa friji haujafunguliwa tangu asubuhi na hautafunguliwa, kisha akatusaidia kuishusha jenereta.

Nati aliunganisha nyaya. Akawasha. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Akawasha tena. Ikakohoa kwa mbali zaidi. Akafungua mfuniko wa tangi, akachungulia ndani.

"Kavu," alisema.

Tulikuwa tumeimwaga dizeli sisi wenyewe. Kifungu hakutaka matone yachafue sakafu ya yadi mbele ya mgeni, Nati akatoa mafuta, mimi nikaweka alama ya vema kwenye mstari uliosema *imesafishwa*. Tulikuwa tumebeba kambini, kwa ujasiri mkubwa na sahihi mbili, chuma kitupu.

Dada alinitazama. Namjua dada yangu. Ana maneno makali na hajui kuyaficha. Siku hiyo aliyafunga mdomoni, na hilo lilinitisha kuliko matusi. Alisema tu, "Saba na nusu," akarudi ndani.

Nati alishakimbilia pikapu, akakata mpira wa maji wa bustani ya zahanati, akauingiza kwenye tangi la gari na kuvuta kwa mdomo. Akatema dizeli, akavuta tena. Mafuta yakaanza kutiririka kwenye dumu, membamba kama uzi. Nilishika dumu. Nilitaka kuusukuma uzi ule kwa macho. Tulipomimina kwenye jenereta haikuwaka bado, kwa sababu bomba lilikuwa limeshika hewa, na ilibidi Nati alegeze nati moja ndogo, apige pampu kwa kidole, asubiri mapovu yatoke, aikaze, aanze upya. Alikuwa anazungumza na jenereta kwa sauti ya chini, akiiita mama, akiiomba radhi kwa kuiosha.

"Saba nukta nane," dada alisema kutoka ndani.

Ikawaka. Ilitoa moshi mweusi, ikatikisika, kisha ikashika mlio wake. Tuliingia ndani tukasimama mbele ya friji. Mota yake ilinguruma. Kipimajoto kilibaki pale pale. Kisha kikapanda: saba nukta tisa.

"Inafanya hivyo kwanza," dada alisema, lakini alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko na kucha zake zilikuwa zinaniuma.

Tukasubiri. Hakuna aliyefuta jasho. Namba ilikaa kwenye saba nukta tisa kwa muda ambao sikuweza kuupima, kisha, bila mlio wala dalili yoyote, ikawa saba nukta nane. Dada aliniachia mkono. Akakaa chini sakafuni, sare na yote, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu.

"Kitinda mimba," alisema, "umekula?"

Nilitoka nje kumpigia Kifungu. Sikutaka afike ofisini akute nafasi tupu karibu na geti. Alipopokea nilimweleza yote kwa mpangilio: jenereta iko wapi, nani kasaini, nani kapakia kwa amri yangu, hali ya friji ikoje. Nilisikia gari likinguruma, kisha likipunguza mwendo. Ikasikika sauti ya mwanamke, tulivu, ikiuliza zahanati hiyo iko umbali gani kutoka walipo.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mfupi, amevaa raba na kofia ya kitambaa. Alishuka garini kabla Kifungu hajamfungulia mlango. Kifungu mwenyewe alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kwa daktari. Mkaguzi aliizunguka jenereta, akainama, akasoma stika, akapitisha kidole kwenye pembe iliyokuwa imeinuka, akanitazama mara moja, akanyooka. Kisha akafanya jambo ambalo Nati alisema haliwezekani: akapiga magoti kwenye mafuta na kuisoma mita ya saa za kazi iliyo ubavuni mwa injini. Nati alikohoa.

Maswali yake yalikuwa mafupi. Nani ameruhusu ihamishwe? Nikasema mimi. Kwa idhini ya nani? Nikasema hakuna aliyeidhinisha. Huyu muuguzi ni nani? Nikasema ni dada yangu. Kila jibu aliliandika bila haraka. Nilimpa fomu. Aliisoma yote, na pale pembeni penye maneno ya dada yangu alisoma mara mbili.

Kisha akamgeukia dada, akamuuliza jenereta hii iliondoka lini hapa zahanati.

"Jumatatu," dada akasema. "Na mizani. Na kitanda cha kujifungulia. Wiki hii mama mmoja amejifungulia mezani."

Sikuwa nimelijua hilo. Nati naye aliinamisha kichwa. Kitanda hicho tulikibeba sisi.

Mkaguzi akamuuliza Kifungu kwa nini viliondolewa. Kifungu alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopungua: kwamba ni kwa ajili yake mgeni, asipate taabu, viwe pamoja, viwe safi.

"Kuna kifungu kinachosema visihamishwe bila idhini," mkaguzi alisema. "Naona huyu binti amekivunja leo. Jumatatu alikivunja nani?"

Jenereta iliendelea kunguruma. Kifungu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutaja kifungu chochote.

Mkaguzi hakupaza sauti. Alisema hakusafiri kuja kuhesabu vitu vilivyopoa. Alitaka kuona kama vinafanya kazi pale vilipoahidiwa, na mpaka sasa ameona kimoja tu. Akasema ataandika yote mawili, la Jumatatu na la leo. La leo ataliandika na majina, kwa sababu mtu hatakiwi kuamua jambo la ndugu yake, hata likiwa jema, na ofisi inayomwacha mtu mmoja peke yake na uamuzi kama huo ina kasoro kubwa kuliko ya huyo mtu. Nilisema nimeelewa. Nilielewa kweli. Kisha akaomba kuonyeshwa watoto walio kwenye hema la pembeni, na dada akampeleka.

Tukabaki mimi na Kifungu kivulini mwa ukuta. Alitoa kitambaa, akajifuta shingo. Nilitarajia anifukuze palepale, na nilikuwa nimejiandaa kutolia.

"Nilitaka asikose hata kimoja," alisema, akitazama jenereta. "Hata kimoja."

"Najua, Mkuu."

"Mkataba wako bado uko mezani. Sijausaini." Akakunja kitambaa. "Sijauchana pia. Nitasubiri ripoti yake kama utakavyosubiri wewe. Kesho usikanyage hapa zahanati. Hilo ni agizo, na ni haki."

Nikasema sawa. Kisha akaniambia mimi na Nati tuvirudishe vitu vyote vilikotoka, tuanze na kitanda, na leo hii, bila kungoja kesho. Alipokwisha kusema hivyo aliingia mwenyewe chumba cha chanjo na kusimama mbele ya kipimajoto, mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya ubao.

Kitanda tulikirudisha jioni ileile, na siku iliyofuata tulikuwa barabarani tangu asubuhi na mapema, pikapu imejaa mizani, pikipiki moja imefungwa kwa kamba nyuma. Nati alikuwa bado ananuka dizeli na alilalamika kwamba chai yote ina ladha ya injini. Kwenye kila kituo nilishuka na fomu, nikaandika kifaa kimerudi mahali pake, nikaomba mhudumu akitumie nikiwa nimesimama pale, hata kama ni kupima mtoto mmoja tu. Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Mhudumu mmoja aliniambia nipande mimi mwenyewe kwenye mizani, nikapanda, ikakataa uzito wangu.

Njia ya kituo cha mwisho inapita kando ya kambi. Nati alipunguza mwendo bila kuombwa. Sikushuka. Kutoka barabarani niliona foleni ya kina mama ikianzia kwenye mlango wa zahanati, ikizunguka hema la maji, ikipotea nyuma ya vyoo, na nikasikia kilio cha watoto waliochomwa na wa wale waliokuwa wanaona wenzao wakichomwa. Chini ya kilio hicho kulikuwa na mngurumo mmoja usiokatika.

"Unaisikia?" Nati akasema. "Inahema vizuri. Ile nati nimeikaza sawasawa."

Simu yangu ikatikisika. Dada hakuwa ameandika salamu wala neno la kunitania. Aliandika tarakimu moja tu: 4.

Nikamwonyesha Nati. Akaitazama, akaitikia kwa kichwa, akaingiza gia, tukaendelea na mizani yetu.